Rudi Mara Kumi na Tano

Jiwe lililompasua Kevina paji la uso halikukusudiwa kwake. Lilirushwa na mpakiaji mmoja wa soko la Konyo Konyo mjini Juba, likamlenga mpakiaji mwenzake aliyesimama juu ya lori la unga lililotoka Uganda, likamkosa, likapita juu ya vichwa vya wauza bamia na kumkuta mwanamke aliyekuwa mbele ya duka la vitambaa, akipima kitambaa cheupe kwa urefu wa mkono. Ilikuwa saa nne za asubuhi, mwezi wa tatu wa mwaka 2009. Makundi mawili yalikuwa yakigombania kulipakua lori hilo. Yalianza kwa matusi, yakaingia katika ngumi, na sasa watu walikuwa wameshika vyuma vya kufungulia magurudumu.

Kevina alivaa gauni la kitenge cha buluu lililobana kiunoni, na kichwani alijifunga leso nyeupe. Leso ilibadilika rangi kabla hajaelewa kilichompata. Mkono wa mtu ulimshika bega, ukamvuta nyuma ya magunia ya unga na kumkalisha chini.

"Usisimame, dada. Ukisimama utaongezewa la pili."

"Niache! Kitambaa cha watu kile!"

"Kimekwisha kunywa damu yako. Sasa ni chako."

Mwanamume huyo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shati la kaki lililopigwa pasi mpaka likasimama. Alilichana pindo la shati hilo pasipo kulihurumia, akamfunga Kevina kichwa. Hatua tatu kutoka walipokaa, mpakiaji mmoja alipigwa chuma cha shingo akaanguka kifudifudi katika rundo la nyanya, na hakuna aliyeweza kutenganisha wekundu na wekundu. Kevina alifumba macho, akaanza kuimba kwa sauti ya chini huku akikunja vidole kimoja kimoja.

"Unahesabu mawe?" aliuliza yule mwanamume.

"Nahesabu silabi. Nikiumia huimba, na nikiimba huhesabu. Jumapili kwaya yangu inaimba wimbo mpya pale kanisani Kator, na mstari wa tatu umezidi silabi moja."

"Silabi za wimbo huitwa mizani. Mwalimu wangu angekuchapa."

"Na mimi ningemchapa mwalimu wako."

Alicheka, huku mawe yakigonga mabati juu yao. Hivyo ndivyo Kevina alivyokutana na Jubek.

Alishonwa nyuzi saba, na Jubek hakuondoka mpaka uzi wa saba ulipokatwa. Kevina alikuwa binti wa polisi wa Jinja, Uganda. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za askari. Alikijua tangu utotoni, na tangu utotoni alikuwa amekisikia kikiwaamuru watu walale chini wapigwe. Sasa alikuwa mpokeaji wa wageni katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, hoteli ya makontena yaliyopakwa rangi ya maziwa, na siku zake za mapumziko alizitoa kwa kwaya. Jubek alikuwa wa kabila la Wabari, wenyeji wa Juba. Vita vilimkimbiza hadi kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, na huko mwalimu mmoja Mtanzania alimfundisha ushairi. Mkataba wa amani ulipotiwa saini alirejea, akaajiriwa kuwa karani wa ghala la mizigo karibu na kiwanja cha ndege. Kevina alishangaa kumsikia mwanamume akitumia lugha ya kambi kwa upole.

Wakapendana. Mapenzi yao yalipitia zaidi katika simu, kwa kuwa kazi zao hazikupatana saa.

"Umekula, mwalimu wa vina?"

"Ndiyo kwanza nakaa. Na wewe, malkia wa makontena?"

"Nimekula wali wa jana. Mbona nasikia sufuria nyingi huko?"

"Niko kwa mama wa chakula."

Sauti ya mwanamke ilipenya katika simu, ikimwita zol, yaani bwana, kwa Kiarabu cha Juba: "Jubek! Samaki anapoa, zol! Mpenzi haliwi!"

"Huyo ni nani?" aliuliza Kevina.

"Huyo ni Poni, mwenye kibanda."

"Mama wa chakula ana sauti nyororo mno."

"Ana mume pia, mlinzi wa ghala letu, na mume ana bunduki. Lala kwa amani, binti wa Jinja."

Mwezi wa tisa Kevina alikwenda kwao kumuuguza mama yake, akakaa wiki nne. Aliporejea, Jubek alimngoja kiwanjani, kati ya wapagazi waliokuwa wakisukumana mbele ya mlango wa abiria. Hakuleta maua. Alileta karatasi mbili zilizokunjwa mara nne.

"Ni shairi, beti tano," alisema. "Nataka uliimbe siku nitakayokuja kwa wazazi wako kujitambulisha. Uwaimbie, wajue ni mtu wa namna gani anayemtaka binti yao."

"Hayo ndiyo maombi ya ndoa, Jubek? Ya karatasi?"

"Ukiliimba, nitajua umekubali."

Ijumaa alasiri, kabla wanakwaya hawajafika, Kevina aliketi peke yake katika chumba cha mazoezi kule Kator. Alifungua kinanda, akachagua sauti ya mapigo manane, pumziko, kisha mapigo manane. Akaanza.

*Nimekuita njiani, sauti usisikie,*
*Nimekutafuta ndani, na nje nisikufikie,*
*Mkeka upo chumbani, njoo tena ulalie,*
*Rudi kwangu rudi Kevina, rudi moyo utulie.*

*Chakula kipo mekoni, nani nimpakulie?*
*Nguo zako sandukuni, nani nimfunulie?*
*Umeniacha gizani, nani anihurumie?*
*Rudi kwangu rudi Kevina, rudi moyo utulie.*

Mistari mitatu iliteleza kama maji. Wa nne ulimkwaza. Aliporudia ukamkwaza tena, mahali pale pale, penye jina lake. Mwanzoni alilaumu kinanda. Kisha alishika penseli, akafanya kama alivyofanya kwa kila wimbo mpya wa kwaya: akakata kila mstari kwa vistari vidogo, silabi baada ya silabi, na kuandika hesabu pembeni.

Nane na nane. Nane na nane. Nane na nane. Tisa na nane.

Ubeti wa pili ukawa vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne, na wa tano. Aligeukia vina. Kina cha mwisho hakikuwa na kasoro. Kina cha kati kilikuwa -ni, -ni, -ni, kisha -na, katika beti zote tano. Mtu awezaye kutunga mistari kumi na mitano bila kuteleza hata mara moja, hatelezi mara tano mahali pamoja. Jina lake lilikuwa limepachikwa. Shairi zima lilijengwa juu ya jina jingine, jina la silabi mbili lenye kuishia kwa -ni, na yeye alikuwa amekaribishwa katika nyumba ya mtu.

Alijaribu jina moja. Hakuhitaji kujaribu la pili.

*Rudi kwangu rudi Poni.*

Kinanda hakikukwaa. Alipiga simu papo hapo.

"Jubek, shairi hili ulilitunga lini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Jibu."

"Zamani kidogo."

"Kabla yangu?"

Ndege ilikuwa ikipaa upande wa Jubek. Alingoja mngurumo upungue. "Kabla yako."

"Kwa nani?"

"Mpenzi, niulize jambo jingine lolote."

"Jina lake lina silabi mbili, na linaishia kwa -ni. Nimekosea?"

Kwa miaka saba hakuna mtu aliyewahi kulikaribia jina hilo kiasi hicho. Jubek alikuwa amelifukia, na sasa mwanamke aliyempenda, akiwa na penseli tu, alikuwa amesimama juu ya kaburi na kukanyaga. Hakuweza kulitamka. Kusema uongo pia hakuweza.

"Hujakosea," alisema.

"Basi kaa naye," alisema Kevina, akakata simu. Jubek alipopiga tena, mara sita, hakuipokea.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Kevina aliingia katika kibanda cha Poni akiwa amevaa sare ya hoteli: sketi nyeusi, blauzi nyekundu, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni. Kibanda kilijaa wapakiaji na waendesha bodaboda. Poni, mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka, shuka la manjano likiwa limefungwa begani, alikuwa akigeuza samaki katika mafuta.

"Wewe ndiwe Poni?"

"Ndimi, dada. Kaa. Samaki wapo, maharagwe yapo."

"Sikuja kula. Nimekuletea barua yako. Aliyeiandika alikosea anwani."

Aliisoma kwa sauti ya kiongozi wa kwaya, sauti iliyozoea kufika benchi la nyuma, na kila alipofika mstari wa nne aliweka jina la Poni mahali pa jina lake. Wanaume waliacha kutafuna. Mmoja alipiga mluzi. Mwendesha bodaboda aitwaye Jonah, Mganda, alianza kugonga meza kwa kijiko akifuata mapigo.

"Una wazimu?" alisema Poni. "Nina mume mimi!"

"Ndiyo maana alilificha jina lako."

"Malaya wa hoteli! Unaniletea mambo ya karatasi mbele ya wateja wangu?"

Upawa wa chuma ulimpiga Kevina mdomoni, ukampasua. Kevina aliruka juu ya benchi, akamkamata Poni nywele. Wakaanguka pamoja juu ya jiko la mkaa, na mafuta yakamwagika. Kevina aliungua mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko. Poni alimuuma bega. Jonah aliwaingia katikati na kuwatenganisha kwa mateke.

"Wacha! Mama wawili iko naua sisi na moto! Mimi iko hapa kula, si kuona damu!"

Kevina alitoka akitema damu, akidhani shauri limekwisha.

Halikwisha. Mstari uliopimwa vizuri hukaa kichwani, na mtu aliyeusikia mara tano akiwa na kijiko mkononi hawezi kuusahau. Jonah aliuimba akiwa juu ya pikipiki. Abiria wake wakauchukua. Kufikia Jumatatu wapakiaji walikuwa wakiinua magunia kwa mapigo yake, *Rudi kwangu*, gunia linapanda, *rudi Poni*, gunia linatua, wala wengi wao hawakujua Poni ni nani. Ungekuwa na mizani tisa, ungekufa siku ile ile mezani.

Jumatano asubuhi uliingia katika lango la ghala, ukamkuta Lado, mume wa Poni. Lado alipigana vita miaka kumi na moja. Amani ilimpa lango la kulinda na bunduki kuukuu. Alimwamuru mpakiaji aliyekuwa akiimba auimbe tena hadi mwisho, amweleze ulikotoka na ni nani aliyeuandika. Alipokwisha kuambiwa alimvunja meno mawili kwa kumwambia. Jubek alikuwa uwanja wa ndege kupokea shehena. Kwa hiyo Lado alianza nyumbani.

Saa sita simu ya hoteli ililia katika meza ya mapokezi, Kevina akaipokea.

"Wewe Kevina wa kwaya?"

"Ndimi. Nani mwenzangu?"

"Poni. Nashika simu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia amenivunja kwa kitako cha bunduki. Sasa amerudi ghalani kumngoja Jubek. Atamuua."

"Poni, mimi..."

"Kalas, basi! Sitaki pole. Neno lile ulilileta kwa kinywa chako. Nenda ukaliondoe kwa kinywa chako. Kimbia!"

Pikipiki ya kwanza mbele ya hoteli ilikuwa ya Jonah. Kevina alipanda na sketi yake ya sare, akashika karatasi za shairi mkononi.

"Ghala la mizigo! Kimbiza, Jonah!"

"Mimi iko nakimbiza, sista! Hii barabara ndiyo iko mashimo!"

Walipofika, lango lilikuwa wazi na hapakuwa na mlinzi. Wapakiaji kama kumi walisimama wamegandamana ukutani. Katikati ya ua, Jubek alikuwa amepiga magoti. Shati lake la kaki lilikuwa limeshikamana na mgongo kwa damu. Jicho moja lilikuwa limefumba, na katika sikio la kushoto, pale kitako cha bunduki kilipotua, damu ilikuwa ikichuruzika hadi begani. Lado alisimama nyuma yake, mdomo wa bunduki ukigusa kisogo.

"Lado!" alipiga kelele Kevina. "Mimi ndiye niliyesema. Nilisema uongo!"

"Hukusema uongo, mwalimu." Lado aliongea polepole, kama mtu aliyekwisha kuamua. "Mimi si mtu wa shule, lakini masikio ninayo. Nimelijaribu jina lako, haliingii. Nimelijaribu la mke wangu, linaingia kama risasi katika bunduki. Nimemuuliza huyu, jina lililokuwa hapo ni la nani? Amenyamaza. Nimempiga, amenyamaza. Mtu asiye na kosa hunyamaza?"

Kevina aliyasikia mawazo yake mwenyewe, neno kwa neno, yakitoka katika kinywa cha mtu aliyeshika bunduki.

"Nilihesabu nusu," alisema. "Nipe nafasi nilisome lote. Ukiona ni la mke wako, fanya utakalo."

"Soma. Ukimaliza wewe, nitamaliza mimi."

Hakuwa na hoja. Alikuwa na karatasi mbili tu, na alichotaka ni muda. Alisoma. Ubeti wa kwanza aliusoma akitetemeka, na kwa mazoea ya miaka mingi vidole vyake vilianza kukunjika. Havikuhesabu silabi safari hii. Vilishika neno lililokuwa likigonga. *Rudi kwangu, rudi, rudi.* Vidole vitatu. Ubeti wa pili, sita. Mkeka upo chumbani. Chakula kipo mekoni. Nguo zako sandukuni. Kila kitu kilikuwapo. Alipofika ubeti wa tatu sauti yake iliacha kutetemeka, na wa nne aliusoma polepole, akimtazama Jubek, aliyekuwa ameinamisha kichwa chini ya bunduki kama mtu asikiaye hukumu aliyoizoea. Ubeti wa tano uliisha. Kumi na tano.

"Umemaliza," alisema Lado.

"Bado. Lado, wewe ulikuwa vitani. Mlipomwita mwenzenu, akiwa hai, mlimwita mara ngapi?"

"Usinichezee, mwanamke."

"Mara ngapi?"

"Moja. Mbili, akiwa mbali."

"Na yule asiyeamka?"

Lado alikuwa na majibu ya maswali mengi kuhusu vita, lakini hili hakuwahi kuulizwa.

"Mpaka sauti iishe," alisema.

"Huyu ameita mara kumi na tano. Mke wako yuko hatua mia mbili kutoka meza yake. Kila siku saa saba anampakulia samaki. Mtu gani humsihi hivi mwanamke anayemwona kila siku saa saba? Hapa pana mkeka, pana chakula, pana nguo. Anayekosekana ni mwenyewe tu, wala hakuchukua hata nguo zake. Mimi nilihesabu mizani, nikahesabu vina, nikajiona hodari. Neno lililorudiwa kuliko yote nililiacha. Nilidhani ni la kunibembeleza, kwa kuwa nilikuwa nimesafiri. Hili si shairi la kutongoza, Lado. Hili ni la matanga."

Alipiga magoti mbele ya Jubek, akamshika uso kwa mikono miwili, mmoja ukiwa bado na malengelenge ya mafuta.

"Jubek. Nani amekufa?"

Jubek alimtazama kwa jicho moja lililo wazi.

"Wani," alisema. "Ndugu yangu, wa tumbo moja. Alikuwa na miaka kumi na sita."

"Alikufaje?" aliuliza Lado. Bunduki ilikuwa bado mahali pake.

"Waasi waliingia kambini alfajiri. Tulikimbilia shamba la mahindi. Mimi nilijilaza, yeye walimkamata mguu. Walimkata kwa panga, kidogo kidogo, ili atuite sisi tuliojificha. Akaniita. Jubek, Jubek, njoo. Nilikuwa mbali naye kama pale lilipo lango. Niliuma udongo. Aliniita mpaka..." Alimeza damu. "Sikuitika hata mara moja. Katika shairi mimi ndiye niitaye na yeye ndiye asiyesikia. Niliandika hivyo. Siku ile haikuwa hivyo."

"Kwa nini ulinipa mimi?" aliuliza Kevina.

"Sikuwa na maneno mengine. Nilitaka yaimbwe na mtu ninayempenda. Nilifikiri yakiimbwa kwa jina la mtu aliye hai, yatakoma kuniita."

Lado aliigeuza bunduki, akaishika mtutu, na kukipiga kitako ukutani. Alikipiga tena na tena, wapakiaji wakitawanyika, mpaka ubao ukapasuka na vipande vikaruka ua mzima. Mikono yake ilikuwa ikivuja damu.

"Nimemvunja mkono mke wangu kwa ajili ya maiti," alisema. Hakumwambia mtu yeyote. Alitoka langoni bila kuangalia nyuma, wala ghala halikumwona tena.

Kaka zake Poni walimpata jioni ile ile kabla jua halijatua. Walichomfanya kilimlaza kitandani mwezi mzima, na Poni akarejea kwa mama yake Kator na watoto wake na masufuria yake.

Kevina alimfuata huko siku ya tatu. Alisimama mlangoni, mdomo ukiwa umevimba.

"Usilie hapa," alisema Poni. Mkono wake ulikuwa katika plasta hadi kwapani. "Mkono huu hukuuvunja wewe, lakini wewe ndiwe uliyemwonyesha pa kupiga. Machozi yatanisaidia nini? Samaki hawajikaangi."

"Niambie nifanye nini."

"Mpaka plasta ifunguliwe, utanipikia wateja wangu. Mimi nitakaa kwenye kigoda nikutazame ukiungua."

Hivyo, kwa wiki sita, Kevina alifanya kazi ya hoteli tangu alfajiri hadi saa tano, kisha akavua blauzi nyekundu na kwenda kukaanga samaki. Poni alikuwa bwana mkali. "Chumvi! Wewe unampikia mgonjwa?" "Mgeuze, mgeuze, unamtazama kama mchumba!" Siku ya pili mpakiaji mmoja alithubutu kuuimba ule mstari. Poni alimrushia bakuli kwa mkono wake mzima, likampasua nyusi, na humo ndani hakuna aliyeuimba tena. Nje waliendelea.

Jubek alipona, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo daktari alisema limekufa. Kevina alimweleza kwamba kwaya iko tayari kumwimbia Wani, kwa jina lake, siku yoyote atakayotaka.

"Bado," alijibu Jubek.

Hakumhimiza. Hakuwa na haki ya kumhimiza.

Wiki ya tano, saa saba mchana, Jubek aliingia kibandani akiwa na shati jipya la kijani, pasi imelisimamisha kama kawaida. Hakukaa. Alisogea mpaka karibu na jiko, mahali Kevina alipokuwa ameinamia karai, kanga ya Poni kiunoni, jasho likimtiririka shingoni.

"Nimejaribu kukuandikia shairi jipya," alisema. "La kwako. Nimepata mstari mmoja na nusu."

"Usiniandikie, Jubek. Nimechoka na karatasi."

"Basi nitasema tu."

"Sema."

"Hakutakuwa na vina."

"Sema, samaki wanaungua!"

"Nataka kukuoa. Usingizini hupiga kelele, na sitakuficha tena ninamwita nani. Sikio moja halifanyi kazi. Nilikuwa mwoga siku moja, na huenda nikawa mwoga tena, sijui. Nilipokuwa chini ya bunduki nilisikia ukisoma, nikatamani usimalize. Si kwa kuogopa kufa, bali kwa kuwa ilikuwa sauti yako. Ni hayo. Sina la kuongeza."

Jonah alishikilia kijiko hewani. Kevina hakugeuka. Aliwatoa samaki watatu katika mafuta, mmoja mmoja, akawapanga katika sahani. Macho yalimjaa maji, na moshi haukuwa na lawama yote. Ndipo akajibu, kwa sauti ya chini kabisa, akiwa upande wa kushoto wa Jubek, penye sikio lililokufa.

Jubek alingoja. Alimtazama mgongo, akaona mabega yakitetemeka, akaona hakuna jibu. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akilitarajia hilo, akageuka kuelekea mlangoni.

"Ee! Wewe!" Poni aliinuka katika kigoda chake, plasta na yote, akapiga teke sufuria tupu ili kelele imfikie. "Unakwenda wapi, kiziwi? Amesema ndiyo! Mimi nimemsikia, Jonah amemsikia, mpaka samaki wamemsikia! Amekubali, zol, amekubali! Sasa mwache apakue, watu wana njaa."